Bi Mwantumu Anaingia Darasa la Kwanza

Nyie mnaoanza ualimu mwaka huu, sogeeni niwaambie jambo ambalo chuo cha ualimu hakina somo lake. Kazi ngumu ya mwalimu wa darasa la kwanza si mtoto. Mtoto atalia siku za mwanzo, atajikojolea, atang'ang'ania sketi yako, kisha mtazoeana. Kazi ngumu ni bibi yake.

Nasema hivyo kwa heshima zote, maana mimi mwenyewe sasa ni bibi. Mwalimu wa mjukuu wangu hapa Chumbageni akiniona naingia getini hujifanya anaongea na simu. Namsamehe. Najua alichokiona.

Nilianza kazi bado msichana, nimejaa maarifa ya vitabuni. Nilipewa darasa la pili, somo la hesabu, nikasema nitawafundisha kutoa kwa vitu vya kushika mkononi. Nikapitia Muheza nikanunua kikapu cha machungwa. Nikayapanga mezani vizuri, nikawauliza, "Hapa pana machungwa kumi. Nikitoa matatu, yanabaki mangapi?" Nikageuka kuandika ubaoni, na mimi nilikuwa na mwandiko wa kujivunia, nikauchora taratibu. Nilipogeuka tena, meza ilikuwa tupu na mashavu ya watoto yamevimba.

"Hayabaki, Mwalimu," akajibu mmoja, juisi ikimtiririka kidevuni.

Mwalimu Mbaruku, mzee aliyekuwa akinilea kazini, alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia, "Kutoa wamekuelewa sana. Kesho wafundishe kujumlisha, tuone kama yatarudi." Tangu siku hiyo nilihesabia vijiwe, vizibo vya soda na makombe ya pwani. Lishikeni hilo. Kifaa cha kuhesabia kisiwe kitu cha kuliwa.

Jambo la pili alilonifunza Mzee Mbaruku lilihusu sauti. Darasa likipiga kelele, mwalimu mchanga hupiga kelele kuwashinda. Hawashindiki. Wao ni wengi na koo zao mpya. Yeye alikuwa akishusha sauti, anazungumza chini chini kama anayetoa siri, na watoto wananyamaza wenyewe kwa kuogopa kupitwa. Hiyo nimeitumia kwa watoto, kwa wazazi, hata kwa marehemu mume wangu.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za Bi Mwantumu.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja kule Mwera, wilaya ya Pangani. Jina lake nitaliacha, maana wahusika wako hai na wana simu. Shule ile ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa darasa la kwanza. Walikuwa wanapangiwa, wanafika, wanauliza maji yako wapi na mtandao uko wapi, kisha wanapatwa na ugonjwa usiopona mpaka wahamishwe. Nikawa nafundisha mwenyewe, huku napokea wageni, huku nasuluhisha kesi za penseli zilizoibwa.

Ndipo akaja Mwalimu Kabula. Binti wa Kisukuma, mrefu, mcheshi, katoka Shinyanga na begi moja na kispika kidogo cha kupigia nyimbo. Hakuuliza mtandao. Aliuliza, "Watoto wako wapi?" Nikajua Mungu kanikumbuka.

Sisi wa zamani tulisoma kwa kuimba ba be bi bo bu, tunayumba kama tuko chomboni, na wengine walimaliza mwaka wanajua kuimba tu. Kabula alikuja na mtindo wa sauti. Herufi m hakuiita jina. Aliwaambia watoto wafumbe midomo na waseme mmmm, kama mtu aliyeonja pilau. Herufi s ikawa ssss, kama tairi la baiskeli linalotoa upepo. Wakishazijua sauti wanaziunganisha: sss na aaa, sa. Mmm na aaa, ma. Muda si muda mtoto anasoma samaki, naye anashangaa kuliko wewe. Kwa kweli nilipendezwa. Sikuwaza kwamba sauti hizo jioni zinarudi nyumbani na watoto.

Jumatatu moja nikafika shuleni nikakuta darasa la kwanza limebaki na watoto wachache, wote wa walimu. Wengine nikawaona nje ya geti wamejipanga na mabegi yao, na mbele yao kakaa Bi Mwantumu na karai lake la mihogo.

Bi Mwantumu alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga pale getini, yenye pilipili na ndimu, tangu kabla sijahamia. Mwanamke mnene, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuwa akimlea mjukuu wake Shabani, ambaye mama yake anafanya kazi Dar es Salaam, na Shabani alikuwa darasa la kwanza.

"Shikamoo, Bi Mwantumu."

"Marahaba. Leo nimefunga shule."

"Shule si yako kuifunga, Bibi."

"Basi nimefunga wanafunzi."

Nikachuchumaa karibu naye, nikashusha sauti. "Kuna nini?"

"Shabani amepandisha."

"Amepandisha nini?"

"Pepo, Mwalimu! Utapandisha nini kingine?" Akaweka kijiko chini. "Jana nimempa mfuko wa unga, nikamwambia, haya mwanangu, nisomee hapa, nione hiyo shule inafanya nini. Mtoto akafumba mdomo. Akatoa macho. Akaanza kunguruma: mmmmm! Nikamwita, Shabani! Akageuka akanifanyia ssssss, kama nyoka. Nikammwagia maji ya kuombea. Akaendelea, tena amelowa!"

Kina mama waliokuwa wamesimama pembeni wakasema wao pia. Wa huyu ananguruma akioga. Wa yule anapuliza fff sahani ikiwa mbele yake. Kijana mmoja alikuwa amemrekodi Shabani na kurusha sauti ile kwenye kundi la kijiji, na kabla ya kulala ilikuwa imeshafika Tanga mjini. Dada yangu alinipigia kutoka Chumbageni kuniuliza kama shuleni kwangu kuna majini, na kama wapo, kwa nini sijahama.

"Tumeshapanga," akasema Bi Mwantumu. "Ijumaa, wakishatoka kuswali, mkutano. Mwalimu wenu huyo wa bara aondoke. Na mpaka hapo hakuna mtoto anayeingia."

Nikaenda ofisini. Mwalimu Kabula alikuwa anabandua picha zake ukutani, anazikunja. Hakuwa analia, ila alikuwa anakunja kwa nguvu kuliko picha zilivyohitaji.

"Mwalimu mkuu, mimi naomba uhamisho. Nimeambiwa nafundisha mashetani. Mama yangu ni mwalimu wa kwaya. Nitamwambia nini?"

Wanangu, nilipata hofu. Huyu akiondoka hakuna mwingine. Wale watoto watakaa mwaka mzima wanazunguka vichochoroni, na mtoto aliyepotea darasa la kwanza kumrudisha ni kazi ya miaka. Nikamwambia, "Nipe mpaka Ijumaa." Nikarudi getini.

"Bi Mwantumu, anayeshitaki huja na ushahidi. Kesho njoo ukae darasani, ukae mpaka Ijumaa, uone kwa macho yako. Na mwingine yeyote anayetaka aje. Mkimwona huyo pepo, mimi mwenyewe nitambebea Mwalimu Kabula begi mpaka kituoni."

Akafikiri. "Na biashara yangu?"

"Njoo nayo."

Hilo la mwisho sikupaswa kulisema.

Jumanne watoto wote walirudi. Hata waliokuwa na homa walikuja, maana nani angekubali kupitwa na bibi yake Shabani amekaa dawatini? Walikuja kina mama na watoto mgongoni. Alikuja Fundi Kibwana, mwenyekiti wa kamati ya shule, seremala, ndiye aliyeyatengeneza madawati yale kwa mkono wake. Alipoyatengeneza alitaka mbao zitoshe madarasa mawili, kwa hiyo alibana kila mahali pa kubana. Sasa akajipenyeza kwenye dawati la mbele, magoti yamemfika kifuani, akasema kwa fahari, "Kazi imara hii." Bi Mwantumu akachukua dawati zima la nyuma peke yake, karai la mihogo mapajani.

Mwalimu Kabula alikuwa anafuta ubao uliokwisha kuwa safi, nilimwona. Lakini alipogeuka kulikabili darasa, ule woga ukamwisha. Kuna watu wameumbwa hivyo. Akaandika s ubaoni. "Haya, wote. Na wageni wetu pia."

Darasa zima likafanya ssssss. Kina mama wakatazamana. Mmoja akajaribu kidogo, akacheka, akajaribu tena. Mtoto wake akamrekebisha, "Mama, usiteme mate." Fundi Kibwana alisema yake kwa bidii kubwa, akataka kusimama kuuliza swali kama mwenyekiti, na dawati likasimama naye. Akakaa. Akasimama tena, dawati likaja tena. Watoto wawili waliokuwa wamekaa naye wakawa wananing'inia huku na huku, wanafurahi. Ilibidi wanaume watatu waitwe kutoka kibarazani, mmoja amvute mabega na wengine washike dawati, na yeye muda wote akipiga kelele, "Msilivunje! Msilivunje!"

Ndani ya vurugu hiyo Bi Mwantumu akaona nafasi, akatia muhogo mdomoni.

"Bibi," akasema Mwalimu Kabula, kwa adabu, "samahani sana. Darasani hatuli."

Mwera nzima hakuna mtu aliyewahi kumkataza Bi Mwantumu kitu. Akatafuna pole pole, akameza.

"Wewe mtoto wa nani, unanizuia kula muhogo wangu mwenyewe?"

"Ni sheria ya darasa, Bibi. Anayetaka kula ananyoosha mkono, anatoka nje."

Bi Mwantumu akanitazama mimi. Nami nikatazama dari. Akafunika karai kwa maringo makubwa, somo likaendelea. Haukupita muda mkono ukanyooshwa mbele.

"Ndiyo, Shabani?"

"Mwalimu, bibi anakula tena."

Alitoka mle ndani kama moto wa kifuu cha nazi. Alipopita mlangoni niliposimama akasema, "Hiyo Ijumaa naiona mbali." Nami nikaingia ofisini nikafunga mlango, nikacheka, kisha nikaacha kucheka, maana mambo yalikuwa yameharibika kuliko Jumatatu.

Jumatano akaja na shahidi. Alimleta Maalim Sefu, mwalimu wa chuo cha Kurani pale kijijini, mtu mwembamba mwenye ndevu nyeupe na masikio makali. Watoto wetu wote mchana husoma kwake. Ndiye aliyepelekewa Shabani asomewe dua. Akakataa kukaa dawatini, baada ya habari za Fundi Kibwana kumfikia. Akasimama dirishani, mikono nyuma.

Siku hiyo Kabula alikuwa anafundisha kuhesabu. Vizibo vya soda vimepangwa makumi makumi, watoto wanaitikia. "Kumi! Ishirini! Selasini!"

Maalim akakohoa.

"Selasini!" wakarudia watoto.

"Samahani, Mwalimu," akasema Maalim. "Hiyo thelathini imepatwa na nini?"

Hapo niwaambie ukweli. Kabula alikuwa mwalimu hodari, lakini ulimi wake ulikulia bara. Dhahabu kwake ilikuwa zahabu, ghali ilikuwa gali, na thelathini ndiyo hiyo mmeisikia. Nilishaona, ila nilikuwa nangoja siku ya kumwambia kwa faragha. Bi Mwantumu akakaa sawa, macho yakimng'aa. Pepo hakumwona, lakini hiki kilikuwa kitu.

Kabula akashusha mikono. Uso ulimbadilika. Nikadhani sasa anachukua begi. Akasema, "Maalim, mimi hiyo sauti sijawahi kuiweza. Nifundishe. Na hawa nao wasikie."

Maalim Sefu hakutegemea hilo. Alisogea mbele taratibu, akikunja mikono ya kanzu. "Toa ulimi kidogo. Uweke kati ya meno. Usiung'ate. Sasa puliza." Kabula akatoa ulimi. Darasa zima likatoa ndimi. Kina mama wakatoa ndimi. Thhhh! Mate yaliruka kama manyunyu ya kwanza ya vuli. "Thelathini," akasema Kabula. Watoto wakampigia makofi, yale aliyowafundisha ya kumpongeza mwenzao.

"Sasa gh," akasema Maalim, naye amenogewa. "Hii inatoka kooni. Ukitaka kuipata, sukutua. Leteni maji."

Mimi nilikuwa nimerudi ofisini, hayo ya maji nilisimuliwa baadaye. Nikasikia mlio ambao sijawahi kuusikia shuleni maisha yangu yote. Nikadhani tangi la maji limepasuka nyuma ya jengo. Nikakimbia. Nikakuta darasa zima wameinua vichwa wanatazama dari, vikombe mikononi, wanasukutua: ghhhhh! Mashati yamelowa mpaka kiunoni. Kabula katikati yao, kichwa nyuma, machozi ya kicheko yanamtoka. Mtoto mmoja aliyameza yote akaomba mengine. Na Bi Mwantumu, yule Bi Mwantumu, ameshika ubavu anacheka mpaka kilemba kimemwangukia.

Alipotulia akamgeukia Maalim. "Sasa Maalim, na pepo wa mjukuu wangu?"

"Hana pepo. Herufi ina jina na ina sauti, na mtu husoma kwa sauti. Mimi chuoni nawahangaisha watoto kwa jambo hilo hilo, kila herufi na mahali pake pa kutokea, kooni, ulimini, midomoni. Mwenzangu huyu anafanya kazi ile ile."

"Si ulimsomea Jumapili! Mbona hukuniambia kama hana kitu?"

Maalim akapangusa ndevu. "Uliniletea na sahani ya mihogo, Bi Mwantumu. Nilikuwa nakula."

Msidhani hapo mambo yalikwisha. Bi Mwantumu alicheka, ndiyo, lakini mkutano alikuwa ameuitisha yeye, na kila aliyepita getini alikuwa ameshaambiwa. Kurudi nyuma mbele ya watu ni jambo zito. Alhamisi asubuhi nilimsikia akiwaambia wateja wake, "Pepo hamna, haya. Lakini je, kusoma wanajua? Watoto wanacheza tu mle ndani."

Siku hiyo Kabula alifanya mchezo anaouita kuwinda maneno. Watoto wanatoka nje na kutafuta maandishi popote yalipo, wakiyapata wanayasoma kwa sauti. Nawashauri muuige. Mtoto akigundua kwamba dunia imeandikwa, humwambii tena soma. Wakatawanyika uwanjani. Huyu yuko kwenye boksi la sabuni, yule kwenye tangi la maji, wengine wamemzunguka mlinzi wanasoma fulana yake, naye kasimama wima kama bendera.

Shabani akaenda getini. Bi Mwantumu alikuwa ameinama kwenye karai, anageuza mihogo, mgongo kwetu. Mtoto akasimama nyuma yake. Nilikuwa karibu, nikasikia kila kitu.

"Mmm... do. Mdo. Mmm-ooo, mo. Mdomo!"

"Nenda ukasome," akasema bibi bila kugeuka.

"Wa. Ko. Mdomo wako."

"Mdomo wangu umefanya nini?"

"U. Na. Nu. Ka." Akavuta pumzi, kisha akaliunganisha kwa furaha ya mtu aliyeshinda. "Mdomo wako unanuka!"

Bi Mwantumu akanyanyuka na kijiko mkononi. "Unasema nini wewe?"

"Imeandikwa, Bibi!"

"Imeandikwa wapi?"

"Hapo. Makalioni."

Ilikuwa kanga yake. Akaanza kujizungusha kuyatafuta maandishi, na kila akizunguka yanakwenda naye, na Shabani anazunguka nyuma yake asipoteze mahali alipofika: "Umbea! Unanuka umbea! Ji... ra... ni. Jirani!"

Bi Mwantumu akasimama. Akanitazama. "Mwalimu, mtoto anasema kweli?"

Nikamwambia ndiyo. Kanga imeandikwa hivyo hivyo: MDOMO WAKO UNANUKA UMBEA JIRANI.

Akakaa chini, mihogo ikaanza kuungua. "Yule muuzaji aliniambia imeandikwa Mola atupe kheri," akasema. "Nikaipendea rangi."

Ndipo nikajua kwamba Bi Mwantumu hajui kusoma. Nimekuwa nikimsalimia getini kila asubuhi na sikujua. Na nikakumbuka mahali nilipoiona kanga ile mara ya kwanza. Ilikuwa kwenye harusi ya binti wa Bi Rukia, jirani yake, rafiki yake tangu utoto, waliochezwa ngoma ya unyago siku moja. Bi Mwantumu alivaa kanga ile mpya, akawa anapita mbele ya wageni wote akigawa pilau. Tangu siku ile Bi Rukia hakumsemesha tena.

"Nikamwona ana kiburi," akasema Bi Mwantumu taratibu. "Nikasema, kaoza binti, sasa anajiona. Na nyie wasomi mlikuwepo. Mbona hamkuniambia?"

"Bibi, sote tulijua umekusudia. Tulisema, leo Bi Mwantumu kaamua."

Bi Mwantumu aliivua ile kanga kiunoni, akabaki na ya chini, akaitandaza mapajani. Akamvuta Shabani. "Nionyeshe jirani ni ipi hapo." Mtoto akamshika kidole, akakiweka juu ya herufi, akakipitisha moja baada ya nyingine. Mimi nikainua ile mihogo isiungue zaidi, maana nilikosa pa kuweka macho.

Ijumaa, baada ya swala, watu walijaa darasa la kwanza mpaka madirishani. Fundi Kibwana aliendesha mkutano akiwa amesimama, karibu na mlango. "Ajenda yetu ni moja," akaanza. "Habari za mwalimu."

Bi Mwantumu akanyoosha mkono. "Mkutano huu niliuitisha mimi, na mimi naufunga."

"Huwezi kuufunga, Bi Mwantumu, bado sijaufungua."

"Basi ufungue upesi, nina safari."

Fundi akaufungua. Bi Mwantumu akasimama. Siku zote nilimjua kwa sauti kubwa, lakini siku hiyo alizungumza chini, na watu wakanyamaza wamsikie. "Niliwaambia wajukuu zetu wamepandisha. Sikusema kweli. Sikujua. Wanasoma. Wangu kanisomea jambo ambalo nimetembea nalo mgongoni tangu harusi ya kwa Rukia, na nyie mkinitazama. Mwalimu Kabula haendi popote. Akitaka kuhama, atapita getini, na getini nipo mimi."

Kutoka dirishani mtu mmoja, hawakosekani, akauliza, "Na thelathini je?"

"Thelathini," akasema Mwalimu Kabula, na ulimi ukaonekana vizuri. Watu wakacheka. Akasimama, akasema anawashukuru wote, na kwamba hakutaka kuwa mzigo wala gharama kwa mtu. Ile gh ilitoka chini kabisa, kutoka tumboni, hata waliokaa mbele wakajipangusa. Maalim Sefu akatikisa kichwa, ameridhika. Fundi Kibwana akauliza kama kuna mengineyo, hayakuwepo.

Safari aliyoitaja Bi Mwantumu ilikuwa ya nyumba ya jirani, tena akataka twende wote, mimi niwe shahidi na Shabani awe msomaji. Akatangulia mbele. Kanga ilikuwa imekunjwa kwapani.

Bi Rukia alikuwa barazani, anakuna nazi. Alituona, akaendelea kukuna.

"Asalaam alaykum, Rukia."

Mbuzi ya nazi ikazungumza peke yake kwa muda. Kisha, kwa kuwa salamu hairudishwi mkono mtupu, akajibu, "Waalaykum salaam," akiwa anaitazama nazi.

"Nimekuja na kanga."

"Niliiona. Harusini kwa mwanangu niliiona, na watu wote waliiona."

"Sikujua ilivyoandikwa." Bi Mwantumu akaitoa kanga kwapani. "Sijui kusoma, Rukia. Sijawahi kujua. Muuzaji alinidanganya, nikaivaa. Nimejua jana tu, kanisomea huyu mtoto. Naomba radhi."

Mkono wa Bi Rukia ukasimama. Akamtazama mwenzake usoni kwa mara ya kwanza, kisha akaitazama kanga, kisha Shabani, kisha mimi. Akainamia tena nazi yake, lakini hakukuna.

"Kwani imeandikwa nini?" akauliza.

Nilidhani sikusikia vizuri. Bi Mwantumu naye akatoa macho. "Si unajua! Si ndiyo umeninunia!"

"Niliambiwa tu ni matusi. Watu walikuwa wananong'ona, wakanambia, Rukia, umetukanwa. Nikaona haya kuuliza nimetukanwa nini." Akapangusa mikono kwenye nguo. "Nitayasomea wapi, Mwantumu? Mimi na wewe si tulikuwa wote shambani, kaka zetu walipopelekwa shule?"

Shabani akaikunjua kanga bila kuambiwa. Akasoma, na sasa alikuwa ameizoea, hakukwama popote. Bi Rukia akasikiliza mpaka mwisho, kichwa upande.

"Umbea tu?" akasema. "Umbea tu, Mwantumu? Mimi nilijua umemtaja marehemu mama yangu!"

Akaanza kucheka yeye. Bi Mwantumu akataka kujizuia, akashindwa, akakaa chini pale pale kwenye machicha ya nazi, wakashikana mabega, wanacheka na machozi yanawatoka, na ukimwuliza mmoja wao leo yale yalikuwa machozi gani atakwambia ni ya kitunguu. Bi Rukia akasema tusiondoke, wali uko jikoni. Mkeka wake ulikuwa umelowa, kwa hiyo wakaitandika ile kanga barazani, sinia likawekwa katikati, maandishi yakabaki nje. Tukala wali wa nazi na samaki, na kila baada ya matonge kadhaa mmoja wao anamgusa Shabani begani, "Hebu soma tena, mwanangu," naye anasoma mdomo umejaa, nao wanacheka upya kila anapofika kwenye jirani.